Kukadiria Umbali wa Mtutu kwa Mabaki ya Baruti Kwenye Nguo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Swali ambalo mpelelezi humpelekea mchunguzi wa silaha huwa fupi: mdomo wa mtutu ulikuwa umbali gani kutoka kwa aliyepigwa? Jibu lake linaweza kutenganisha kujiua na kuuawa, au kutenganisha purukushani ya kunyang'anyana bastola na risasi iliyopigwa kutoka upande wa pili wa chumba. Mwongozo huu unahusu zaidi bastola na nguo alizovaa aliyepigwa, kwa sababu hapo ndipo mbinu zilizozoeleka hutoa majibu ya kuaminika kuliko mahali pengine. Umeandikwa kwa ajili ya askari wa upelelezi, wahudumu wa afya wanaompokea majeruhi, wanafunzi wa sayansi ya jinai, na mawakili ambao hulazimika kuisoma ripoti ya maabara usiku wa kuamkia shauri.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba nguo peke yake haitaji umbali. Umbali hupatikana kwa kulinganisha alama zilizo kwenye nguo hiyo na alama nyingine zilizotengenezwa kwa makusudi, yaani kwa kufyatua silaha ileile, kwa risasi za aina ileile, kwenye kitambaa cha namna ileile, kutoka umbali uliopimwa kwa rula. Mtu anayeitazama picha ya shati lenye tundu na kutamka "sentimita 40" anabahatisha, hata kama amekaa kazini miaka mingi.

Kinachotoka mtutuni

Risasi inapofyatuliwa, pini hugonga fataki, yaani kile kikombe kidogo kilicho kitakoni mwa ganda. Katika risasi nyingi za kawaida fataki huwa na michanganyiko ya madini ya risasi (metali iitwayo "lead" kwa Kiingereza), bariamu na antimoni. Moto wake huwasha baruti isiyo na moshi, ambayo kiini chake ni nitroselulosi, na katika aina nyingi huongezwa nitroglisirini. Kichwa cha risasi hutoka mbele kikifuatana na wingu la gesi ya moto, masizi, mvuke wa madini, na chembe za baruti ambazo hazikuungua au ziliungua nusu.

Vitu hivyo havina uzito mmoja, kwa hiyo haviendi mbali sawa, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yote. Masizi ni mepesi na hukosa nguvu mapema, na kwa bastola kwa kawaida hayaonekani tena mtutu unapopita sentimita 20 hadi 30. Chembe za baruti huendelea, nyingi zikifika sentimita 60 hadi 90, na baruti ya chembe za mviringo hufika mbali kuliko ile ya vipande bapa kwa kuwa hewa huizuia kidogo. Ukishapita mita moja na ushee, kwa bastola nyingi kinachofika ni kichwa cha risasi peke yake. Takwimu hizi ni za kumwelekeza msomaji tu na hazipaswi kuandikwa kwenye ripoti, kwani silaha mbili za kaliba moja zinaweza kutofautiana sana.

Kazi hii isichanganywe na ile ya kubandua chembe kutoka mikononi mwa mshukiwa na kuzitazama kwa hadubini ya elektroni. Uchunguzi wa mikono hujibu kama mtu alifyatua, alikuwa karibu na silaha iliyofyatuliwa, au aligusa kitu chenye mabaki hayo. Hausemi lolote kuhusu umbali.

Hatua ya kwanza: kuiokoa nguo

Kwa maoni yangu, mashauri mengi ya umbali huharibika kabla maabara haijaona chochote, na huharibika mikononi mwa watu wenye nia njema. Majeruhi anafika akivuja damu, mhudumu anashika mkasi, na njia ya haraka ya kulichana shati ni kuanzia kwenye tundu ambalo tayari lipo. Mkasi ukipita hapo, mpangilio wa chembe umekatika vipande viwili, na kingo za tundu, ambazo zingeonyesha kuungua au kuchanika kwa nguvu ya gesi, zimevurugwa. Uhai wa mgonjwa hutangulia kila kitu, lakini kulikata shati kwenye mshono wa ubavuni au kando ya vifungo hakuchukui muda zaidi. Jambo hili lifundishwe pamoja na ujazaji wa fomu ya polisi ya majeruhi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, maana watu wanaojaza fomu hizo ndio haohao wanaozigusa nguo kwanza.

Nguo ikishavuliwa isikung'utwe, isitupwe sakafuni, wala isikunjwe ili uso wenye tundu uguse sehemu nyingine ya nguo. Ilazwe juu ya karatasi safi na iachwe ikauke kivulini, mbali na feni, kwa sababu upepo hupeperusha chembe zilizoshikilia nyuzi kwa udhaifu. Ikikauka, karatasi nyingine iwekwe juu ya tundu, kisha nguo ikunjwe taratibu na kutiwa kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki usitumike, kwani nguo yenye unyevu huvunda humo na kuota ukungu, na chembe huhamia kwenye kuta za mfuko. Kila nguo iwe na bahasha yake: koti, shati na fulana vilivyovaliwa pamoja vitenganishwe, kwa sababu swali la nguo ipi ilikuwa ya nje kabisa litakuja kuulizwa. Ndugu wakiomba nguo ili wakazifue, waelezwe kwa upole kwamba haiwezekani. Nitriti, yaani kemikali inayoachwa na baruti inayoungua, ambayo ndiyo tunayoitafuta, huyeyuka kwenye maji kwa urahisi.

Silaha nayo isisafishwe, wala isijaribiwe na askari anayetaka kujua tu kama inafanya kazi. Kinachosahaulika zaidi ni risasi zilizobaki. Zile zilizomo kwenye magazini, maganda yaliyookotwa chini, na boksi lililo kabatini kwa mwenye bastola vyote vikusanywe, kwani bila risasi za toleo lilelile ufyatuaji wa majaribio utakuwa na kasoro ambayo wakili makini hataiacha ipite.

Hatua ya pili: kuisoma ngozi pamoja na nguo

Kabla ya kugusa kemikali, mchunguzi aisome ripoti ya daktari aliyefanya uchunguzi wa mwili. Mtutu uliogusa ngozi kwa kubanwa huacha alama ya mdomo wake na masizi ndani ya kidonda, na kama ni juu ya fuvu, gesi iliyonaswa kati ya ngozi na mfupa huichana ngozi kwa umbo la nyota. Mtutu ulio mbali kidogo huacha vidoa vidogo vyekundu kuzunguka tundu, mahali chembe za baruti zilipoidunga ngozi. Vidoa hivyo havitoki kwa kufutwa na maji, ilhali masizi hutoka. Ndiyo maana daktari anatakiwa kupiga picha yenye rula mara mbili, kabla ya kuosha na baada ya kuosha.

Kwa nini vyote viwili visomwe pamoja? Kesi iliyohusu kifo cha Trayvon Martin, aliyepigwa risasi mjini Sanford, Florida, tarehe 26 Februari 2012, inaonyesha vizuri. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilisema risasi ilitoka umbali wa kati, kwa sababu ngozi ilikuwa na vidoa vya baruti kuzunguka kidonda. Mtaalamu wa silaha wa maabara ya jimbo, aliyechunguza sweta la kofia na sweta la ndani, aliieleza mahakama mwaka 2013 kwamba alama za kwenye nguo zililingana na mtutu uliogusa nguo. Msikilizaji wa harakaharaka angedhani mmoja wao amekosea. Daktari Vincent Di Maio, shahidi wa upande wa utetezi, alieleza kwamba kauli hizo hazipingani: mtutu uligusa nguo, lakini nguo yenyewe ilikuwa imeachana na kifua kwa inchi 2 hadi 4, yaani takriban sentimita 5 hadi 10. Maelezo hayo yaligusa moja kwa moja swali la jinsi miili ya Martin na aliyempiga risasi ilivyokaa. Mtaalamu aliyepewa ngozi bila nguo, au nguo bila ngozi, asingeweza kuyafikia.

Hatua ya tatu: macho kabla ya kemikali

Nguo ilazwe kwenye meza yenye mwanga wa kutosha na ichunguzwe kwanza kwa macho, kisha kwa hadubini ya ukuzaji mdogo inayoonyesha kina. Mchunguzi achore umbo la nguo na aonyeshe mahali pa tundu, nyuzi zilizoungua au kuyeyuka, masizi, na kila chembe ya baruti anayoiona, pamoja na umbali wake kutoka katikati ya tundu. Apime pia kipenyo cha eneo lenye chembe. Eneo hilo likirefuka upande mmoja mithili ya yai badala ya kuwa duara, inawezekana mtutu haukuelekezwa wima kwenye nguo, na jambo hilo lizingatiwe wakati wa majaribio.

Nguo nyeusi au iliyolowa damu haimpi mchunguzi nafasi ya kuona masizi kwa mwanga wa kawaida. Hapa hutumika kamera inayonasa miale ya infraredi. Chini ya miale hiyo damu iliyokauka na rangi nyingi za nguo hupauka karibu kutoweka, huku masizi, ambayo ni kaboni, yakibaki meusi. Shati ambalo mezani lilikuwa zulia la damu isiyosomeka linaweza kuonyesha duara la masizi lililo wazi kabisa kwenye kioo cha kamera. Picha hizo zipigwe zikiwa na rula ndani yake, kwa sababu hatua zinazofuata hulowesha nguo na hakuna kurudi nyuma.

Hatua ya nne: kutafuta nitriti

Baruti inayoungua huacha nitriti, na kipimo chake hutegemea mmenyuko uliobuniwa na Johann Peter Griess, mkemia Mjerumani aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia huko Burton upon Trent, Uingereza. Msomaji aliyewahi kupimwa mkojo katika zahanati ameukuta mmenyuko huo, kwani kile kibandiko cha nitriti kwenye kijiti cha kupimia mkojo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Maabara huandaa karatasi ya picha iliyoondolewa uwezo wa kunasa mwanga, ikaloweshwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya salfaniliki na alfa-naftholi, kisha ikakaushwa. Kabla ya kuitumia, pembe zake huguswa kwa pamba yenye sodiamu nitriti. Pembe zikigeuka rangi ya chungwa papo hapo, karatasi ni nzima, zisipogeuka, itupwe. Nguo hulazwa kifudifudi juu ya karatasi, upande wenye tundu ukiigusa. Juu yake huwekwa shashi iliyoloweshwa kwa asidi ya asetiki ya asilimia 15, kisha pasi ya moto hukandamizwa juu ya shashi hiyo. Mvuke wa asidi hupenya nguo, huichukua nitriti na kuifikisha kwenye karatasi, na vitone vya rangi ya chungwa hujitokeza mahali kila chembe ilipokuwa imekaa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Picha inayotokea kwenye karatasi imegeuzwa kama ya kwenye kioo, kwa hiyo upande wa kulia wa nguo utakuwa kushoto. Pia tundu lenyewe halijichori: lazima liwekewe alama ya penseli kwenye karatasi kabla ya nguo kuondolewa, la sivyo vitone vitabaki havina katikati ya kupimia.

Hatua ya tano: kutafuta madini ya risasi

Kipimo cha nitriti hutangulia, kwa sababu hakiathiri madini yaliyomo kwenye nguo. Baada yake hufuata sodiamu rodizonati, kemikali inayotambua madini ya risasi. Kimiminiko chake kikiwa tayari hufanana na chai ya rangi iliyokolea, na huharibika upesi, hivyo kitengenezwe siku ileile ya kutumika. Hupuliziwa kwenye nguo kama marashi, kisha hufuatiwa na kimiminiko cha tindikali ya tartariki chenye pH ya 2.8. Mahali penye madini ya risasi hugeuka waridi. Uthibitisho hupatikana kwa kupulizia asidi ya hidrokloriki ya asilimia 5: waridi ikigeuka buluu ya zambarau, ni madini ya risasi kweli, ikififia bila kupita kwenye rangi hiyo, kipimo hakikuthibitika.

Usomaji wake unataka uangalifu kuliko utendaji wake. Pete nyembamba kwenye ukingo wa tundu ni uchafu ambao kichwa cha risasi kilijifuta nao kilipopita, na hutokea kwa umbali wowote, uwe sentimita 5 au mita 100. Pete hiyo inathibitisha kwamba tundu ni la risasi na kwamba hapo ndipo ilipoingilia, basi. Kinachohusu umbali ni wingu la mvuke wa madini lililotanda nje ya pete. Nimeona ripoti zikisema "madini ya risasi yamepatikana, hivyo risasi ilipigwa karibu", pasipo kutofautisha pete na wingu. Kauli ya namna hiyo inapaswa kukataliwa.

Kichwa cha risasi kikiwa kimevishwa shaba, kuna kipimo cha kutambua shaba kinachofanywa kati ya hivi viwili. Ikiwa fataki ni ya aina mpya isiyo na madini ya risasi, rodizonati inaweza kutoka kapa hata kama mtutu ulikuwa karibu, na hili ni sababu nyingine ya kuzitaka risasi zilizobaki.

Hatua ya sita: kufyatua kwa majaribio

Hapa ndipo umbali unapopatikana. Silaha ya kielelezo hufungwa kwenye kishikilio, na kitambaa hubanwa kwenye kadibodi mbele yake. Kitambaa bora ni kile cha nguo yenyewe, kikikatwa kwa kibali kutoka sehemu iliyo mbali na tundu. Kisipotosha, hutafutwa kingine chenye ufumaji na unene uleule, kwa kuwa sufi hunasa chembe ambazo nailoni huziacha zidunde na kuanguka. Umbali hupimwa kutoka mdomo wa mtutu hadi kitambaani, si kutoka mkononi wala usoni kwa mfyatuaji.

Huanza kwa mtutu kugusa kitambaa, kisha sentimita 5, 10, 15, 20, 30, 45, 60, 90 na kuendelea, hadi pale mabaki yatakapokoma kuonekana. Kila umbali urudiwe angalau mara 2 au 3, maana risasi mbili za boksi moja hazitoi kiasi kilekile cha mabaki, na mchunguzi asiyejua ukubwa wa tofauti hiyo hawezi kujua ukubwa wa shaka yake. Kisha kila kitambaa cha jaribio kipitishwe kwenye vipimo vilevile na kwa mpangilio uleule kama nguo ya kielelezo.

Silaha isipopatikana, majaribio yanaweza kufanywa kwa silaha ya modeli moja na yenye urefu sawa wa mtutu, lakini ripoti iseme hivyo waziwazi na mipaka ya umbali ipanuliwe. Risasi zisipojulikana, afadhali kutoandika umbali wowote kuliko kuandika wa kubuni.

Hatua ya saba: kulinganisha na kuandika

Weka karatasi za majaribio kwa safu kutoka karibu hadi mbali, kisha ipitishe karatasi ya kielelezo mbele ya kila moja. Usitafute inayofanana nayo zaidi. Tafuta mbili: ile ya mbali zaidi ambayo bado ina mabaki mazito waziwazi kuliko kielelezo, na ile ya karibu zaidi ambayo ina mabaki hafifu waziwazi kuliko kielelezo. Umbali uko kati ya hizo mbili. Tuseme jaribio la sentimita 20 ni zito mno na la sentimita 60 ni hafifu mno; ripoti itaandika kwamba mdomo wa mtutu ulikuwa zaidi ya sentimita 20 na chini ya sentimita 60 kutoka kwenye nguo. Mpelelezi atalalamika kwamba nafasi hiyo ni pana. Hata hivyo, ikiwa mshitakiwa anadai kwamba bastola ilijifyatua wakati marehemu ameishika na kuibana kifuani, nafasi hiyo pana inatosha kabisa kulipima dai lake.

Mabaki yasipoonekana, ripoti isiseme kwamba risasi ilitoka mbali. Iseme kwamba hayakuonekana, na itaje sababu zinazowezekana: mtutu kuwa nje ya umbali ambao silaha hiyo hurusha mabaki, kuwepo kwa kizuizi kama mto, pazia au mlango, nguo kufuliwa au kulowa mvua, au damu nyingi kuyaondoa. Mlinzi aliyepigwa risasi kupitia mlango wa mbao anaweza kuwa na shati safi kabisa huku mtutu ukiwa umbali wa mkono mmoja.

Gobore na bunduki ya marisau

Gobore linalotumia baruti ya shura, mkaa na salfa hutoa moshi na masizi mengi mno kulinganisha na bastola, na mwenyewe hulipakia kwa kukisia kwa mkono, leo kiasi hiki na kesho kingine. Majaribio yanaweza kufanywa, lakini kwa kuwa kipimo cha baruti iliyotumika siku ya tukio hakijulikani, mipaka ya umbali iwe mipana sana au isitolewe.

Kwa bunduki ya marisau, ukishapita umbali wa mabaki ya baruti, kinachopimwa ni mtawanyiko wa marisau yenyewe. Kuna hesabu ya mkato isemayo kwamba marisau hutawanyika takriban sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Hesabu hiyo inafaa kwa mpelelezi aliye eneo la tukio na haifai mahakamani, kwa sababu mbano wa mdomo wa mtutu, urefu wake na aina ya risasi hubadilisha mtawanyiko kwa kiasi kikubwa. Kizibo cha ndani ya risasi kikikutwa ndani ya kidonda, ni dalili kwamba umbali ulikuwa mfupi. Daktari anapaswa kukihifadhi pamoja na marisau aliyoyatoa.

Kwa mawakili na watunza vielelezo

Ushahidi wa mtaalamu huingia mahakamani kama maoni, kama kilivyo kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, na maoni hupimwa kwa msingi wake. Wakili aulize silaha ya majaribio ilikuwa ipi, risasi zilitoka wapi, kitambaa kilikuwa cha namna gani, kila umbali ulirudiwa mara ngapi, na nguo ilipita mikononi mwa nani kuanzia wodini hadi maabara. Aombe pia kuviona vitambaa vya majaribio. Karatasi za nitriti, picha za infraredi na picha za rodizonati, zikiwemo zile za majaribio ambayo hayakulingana, zihifadhiwe na kupewa namba kama vielelezo vingine, ili mtaalamu wa upande wa pili aweze kuzipanga mezani na kuufanya ulinganisho upya kwa macho yake. Picha za rangi ya rodizonati zipigwe mara tu rangi inapotokea, kwa kuwa kwenye nguo hufifia.